Kamera ya tumbo: "usile usiku" pekee haitoshi

Kwa Mhariri,

Wagonjwa wengi wanaotumwa kupigwa kamera ya tumbo, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, hapa Nairobi hufika wakiwa wameambiwa jambo moja tu: usile chochote kuanzia saa sita usiku. Sentensi hiyo huandikwa chini ya karatasi ya rufaa, ikapigwa muhuri, na mgonjwa akaenda zake. Sisi wauguzi tunaowapokea asubuhi tunaiona ikiwaponza kwa njia mbili. Kuna ambaye haikumtosha: miadi yake ni saa moja asubuhi, naye amekula ugali na nyama saa tano na nusu usiku akijua bado yuko ndani ya muda, au asubuhi amekunywa chai ya maziwa kwa kuwa chai si chakula. Na kuna ambaye imemzidi: miadi yake ni saa nane mchana, ana ugonjwa wa kisukari, na tangu jana usiku hajaonja hata tone la maji. Wote wawili wanaweza kurudishwa nyumbani bila kupimwa, na nauli imekwisha. Tunaomba nafasi tueleze kinachofaa kufanywa, na kwa nini.

Hesabu ya kufunga huanzia saa ya miadi, haianzii saa sita usiku. Chakula kigumu kiachwe angalau kwa muda wa saa 6 kabla ya kipimo, na kama ni mlo mzito wa nyama choma au chapati za mafuta, afadhali muda wa saa 8. Maji matupu au strungi isiyo na maziwa huruhusiwa hadi saa mbili nzima kabla ya kipimo. Kwa mtu wa miadi ya saa tatu asubuhi, chajio cha kawaida cha saa mbili usiku kiko ndani ya muda, na maji ya mwisho ayanywe saa moja asubuhi. Mwenye miadi ya saa nane mchana anaweza, kitengo kikimkubalia, kupata kiamsha kinywa chepesi kabla ya saa mbili asubuhi. Chai ya maziwa ihesabiwe kuwa mlo, kwa sababu maziwa huganda tumboni na kukaa humo kama chakula. Maziwa ya kumezea dawa nayo ni maziwa, hata yakiwa "kidogo tu, sista". Miraa na muguka ziachwe siku hiyo na jana yake pia, maana hukimbiza moyo, hupandisha presha na huchelewesha tumbo kumwaga kilichomo.

Ukali huu una sababu. Kabla ya mpira kuingia, koo hupuliziwa dawa ya ganzi, na mara nyingi mgonjwa hudungwa dawa ya kumsinzisha. Kile kikohozi kinachotulinda kila tunapopaliwa kinakuwa kimelala. Chakula kikipanda kutoka tumboni wakati huo, kinaweza kuteremka moja kwa moja hadi mapafuni. Ndiyo maana mwenye kisukari cha miaka mingi, anayetapika chakula cha jana, au anayedungwa semaglutidi ya kupunguza uzito au sukari anapaswa kusema hivyo siku ya kupangiwa miadi. Tumbo lake huenda linamwaga polepole, na huenda akahitaji kukaa na vinywaji tu siku nzima ya kabla. Akilisema jambo hilo akiwa tayari juu ya kitanda, limechelewa.

Kwenye dawa ndiko tunakoona makosa mengi zaidi, na mengine ni ya hatari kuliko chakula. Dawa ya presha humezwa asubuhi kama kawaida kwa funda moja au mawili ya maji, na vivyo hivyo dawa ya kifafa. Mtu akiacha ya presha "kwa sababu nimefunga", hufika presha ikiwa juu mno na kamera ikaahirishwa. Mwenye pumu aje na kifaa chake cha kuvuta dawa.

Mwenye kisukari aombe kupangwa wa kwanza asubuhi. Vidonge vya asubuhi husubiri mpaka atakapokula. Insulini ya muda mrefu haiachwi kabisa, kwa kawaida hupunguzwa, na kiasi kinafaa kuandikwa kwenye karatasi na daktari wake, wala asikadirie mwenyewe. Kuna vidonge vya kisukari vya aina ya dapagliflozini na empagliflozini ambavyo husimamishwa siku 3 au 4 kabla, kwa kuwa mtu anayevimeza huku amefunga anaweza kujaa asidi kwenye damu ilhali mashine ya sukari inaonyesha namba ya kawaida. Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) njiani, kunywa maji ya sukari au glukosi hapo hapo, kisha ukifika utuambie ulikunywa nini na saa ngapi. Usiivumilie ati kwa sababu umefunga.

Dawa za kuzuia damu kuganda ndizo zinazotaka umakini kuliko zote. Aspirini ndogo ya moyo kwa kawaida haiachwi. Wafarini, kama kuna kinyama (uvimbe mdogo ulioota ndani) cha kukatwa, huachwa siku 5 kabla na damu ikapimwa kabla ya kuanza. Kama ni kutazama na kuchukua vipande vidogo vya nyama vya kupimwa maabara tu, mara nyingi mgonjwa huendelea nayo mradi kipimo chake kiko sawa. Klopidogreli husimamishwa siku 7 kwa kazi ya kukata, lakini mtu aliyewekewa kijineli (stenti) cha kuuweka wazi mshipa wa moyo asithubutu kuiacha bila kauli ya daktari wake wa moyo. Damu ya tumboni huzuilika kwa kamera ile ile. Mshipa wa moyo ukiziba njiani kati ya Rongai na mjini ni msiba mwingine kabisa. Na hapa kuna swali ambalo wagonjwa hawaliulizi: dawa niliyoambiwa niache, nianze tena lini? Liulize kabla hujaondoka, na jibu liandikwe.

Omeprazoli na ndugu zake, dawa za kupunguza asidi ya tumbo ambazo kila kemisti jijini inazo, zina kisa chake. Kama daktari anataka kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo, dawa hizi huachwa wiki 2 kabla, na antibayotiki wiki 4, kwa sababu huwapunguza bakteria hao hadi kipimo kikadanganya kuwa hawapo. Lakini aliyewahi kutokwa na damu kwa sababu ya kidonda asiache mpaka aambiwe. Dawa nyeupe ya maji ya kiungulia nayo isinywewe asubuhi ya kipimo, kwani hupaka ukuta wa tumbo kama chokaa.

Tukiwa hapo, tuseme jambo linalotuuma. Mtu ambaye chakula kinamkwama kifuani hatakiwi kukaa miezi mitatu akinunua omeprazoli. Kenya iko kwenye ukanda wa saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), unaoanzia Ethiopia na kushuka hadi Afrika Kusini, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ndiyo hiyo: leo nyama inakwama, mwezi ujao ugali, kisha hata uji. Kukwama kwa chakula, kupungua uzito bila sababu, choo cheusi kama lami, kutapika kusikoisha na upungufu wa damu usioeleweka ni sababu za kupimwa kwa kamera mapema. Vidonge vikituliza maumivu huku ugonjwa unakua, vimemchelewesha mgonjwa.

Sasa tuje kwa kamera ya utumbo mpana, inayopitia njia ya haja kubwa. Hapa maandalizi ndiyo nusu ya kipimo. Kinyama cha milimita 5 hujificha chini ya kipande cha choo kisichozidi punje ya mahindi, na daktari hawezi kukata asichokiona.

Siku 3 kabla, punguza makapi. Acha githeri, maharagwe, sukuma wiki, managu, mahindi ya kuchoma, njugu, mapera, pasheni na nyanya zenye mbegu. Kula wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki, kuku, viazi vilivyomenywa. Mbegu za pasheni na pera tunazitaja kwa makusudi: huziba mrija wa kunyonyea maji wa kamera, na kazi ikasimama. Vidonge vya madini ya chuma viachwe wiki moja kabla, maana hugeuza choo kuwa cheusi na chenye kunata ukutani. Siku ya kabla ya kipimo ni vinywaji angavu tu: maji, strungi, supu iliyochujwa isiyo na mafuta, maji ya tufaha. Chochote chekundu au cha zambarau kisinywewe, kwa kuwa ndani ya utumbo hufanana na damu.

Dawa ya kusafisha inayotumika sana ni unga unaokorogwa kwa maji, kwa kawaida lita 4, zikagawanywa mara mbili. Kugawanya huku wengi hukupuuza. Hunywa zote jioni walale, na usiku kucha nyongo huteremka ikapaka upande wa kulia wa utumbo utando wa kijani unaonata. Asubuhi choo kinatoka maji, mgonjwa anaamini yuko safi, kumbe upande ule hauonekani. Kwa miadi ya saa nne asubuhi, lita 2 za kwanza zinywewe kuanzia saa kumi na mbili jioni, glasi ya mililita 250 kila dakika 15, hivyo glasi 8 huisha saa mbili usiku. Lita 2 za pili zianze saa kumi alfajiri na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo, ni kuamka usiku. Lakini tumbo hupata muda wa kutulia kabla hujapanda gari, na hakuna atakayetaka kubanwa akiwa kwenye foleni ya Thika Road.

Usipunguze maji ukidhani dawa itakuwa kali zaidi. Maji yenyewe ndiyo yanayosukuma. Ipoze kwenye friji, inywe kwa mrija uliowekwa nyuma ya ulimi, na paka mafuta ya kujipaka sehemu ya haja kabla ngozi haijachubuka. Ukitapika, pumzika nusu saa, kisha endelea polepole. Dawa nyingine yoyote iliyomezwa chini ya saa moja kabla ya kuanza, zikiwemo ARV, za kifafa na vidonge vya kupanga uzazi, inaweza kusombwa kabla haijaingia mwilini. Imeze mapema. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo asinunue dawa ya kusafisha kwa kuulizia kemisti. Zile zenye fosfeti ya sodiamu zimewahi kuharibu figo za watu.

Choo kinachotakiwa mwishoni ni maji ya rangi ya manjano angavu, kama mkojo, unaona sakafu ya choo kupitia kwake. Kikiwa bado cha kahawia au kina vipande, piga simu kitengoni kabla ya kutoka nyumbani.

Na kuna jambo ambalo karatasi za maandalizi hazilitaji, na kwetu Nairobi ndilo huamua kila kitu: maji na choo. Unayeishi kwenye ploti ya choo cha pamoja, au mtaa wa maji ya mgao, usikubali tarehe kabla ya kujua siku yenu ya maji. Jaza mitungi miwili ya lita 20, mweleze jirani, au omba kulala kwa jamaa mwenye choo ndani. Kama hayo hayawezekani, sema bila aibu. Baadhi ya hospitali huweza kukulaza usiku mmoja ukaandaliwa wodini.

Kuhusu pesa, uliza maswali mawili. Je, bei inajumuisha uchunguzi wa vipande kwenye maabara, au huo unalipiwa kivyake? Na je, ruhusa ya bima, iwe ya serikali (SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024) au ya kampuni binafsi, imeshaombwa? Kuiombea dirishani asubuhi ya kipimo ni kujitafutia siku ndefu.

Chumbani kwenyewe mambo ni mafupi kuliko hofu iliyoyatangulia. Meno ya bandia hutolewa, na jino linalolegea litajwe. Rangi nzito ya kucha iondolewe angalau kwenye kidole kimoja, maana kifaa kinachopima oksijeni husoma kupitia ukucha. Fomu ya idhini isomwe na kutiwa sahihi kabla ya sindano, kwani baadaye hutakuwa na akili ya kuuliza. Dawa ya koo ni chungu, na dakika moja baadaye utahisi kana kwamba koo limevimba. Halijavimba, limekufa ganzi. Utalala ubavu wa kushoto na kuuma kizibo cha plastiki. Mpira una unene wa milimita 9 au 10, hauzidi kidole kidogo, na unapita njia ya chakula, hivyo njia ya pumzi iko wazi wakati wote. Pumua kwa pua. Mate yaache yatiririke kwenye taulo, usijaribu kuyameza. Hiyo ndiyo siri pekee tunayomnong'oneza kila mgonjwa, na anayeifuata hupaliwa mara chache. Tumbo huchukua dakika 5 hadi 15. Utumbo mpana kati ya 20 na 45. Vipande vya nyama vikichukuliwa huvisikii. Kwenye utumbo mpana hewa inayopulizwa ndani huleta msokoto, na kuitoa si aibu.

Wengine huuliza kama mpira ulitumiwa na mtu mwingine. Ndiyo, ulitumiwa, na una haki ya kuuliza ulisafishwaje. Ukitoka kwa mgonjwa hufutwa na kunyonyeshwa sabuni papo hapo kabla uchafu haujakauka, hupimwa kama unavuja, mirija yake husuguliwa kwa brashi kwa mkono, ndipo huloweshwa kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa dakika zilizowekwa na mtengenezaji, husuuzwa, hukaushwa na kutundikwa. Brashi ikirukwa, dawa iwe kali kiasi gani haitafika chini ya uchafu. Kitengo kinachofanya kazi yake hakitakasirika ukiuliza.

Baada ya kipimo, ganzi ya koo hudumu kiasi cha dakika 30 hadi 60. Anza na funda dogo la maji baridi ukiwa umekaa. Ukikohoa, subiri. Ukimeza vizuri, kula kitu laini kilicho vuguvugu. Chai ya moto ingoje, kwa sababu koo lenye ganzi huungua bila kujua.

Dawa ya kusinzisha hudanganya. Mgonjwa huamka, huzungumza, huvaa viatu, hujiona mzima. Lakini akili na mikono hairudi sawasawa mpaka muda wa saa 24 upite. Katika muda huo usiendeshe gari, usikae nyuma ya bodaboda, usipike kwa mafuta ya moto, usinywe pombe, usitie sahihi mkataba, usitume pesa kwa simu wala kuchukua mkopo wa simu. Dawa kama midazolamu hufuta kumbukumbu, kwa hivyo maelezo ya daktari utayasahau kabla hujafika stendi. Msindikizaji awe mtu mzima, aingie chumbani matokeo yakielezwa, na mkafike nyumbani pamoja. Kuwekwa kwenye matatu peke yako na simu mkononi si kusindikizwa.

Koo kuwasha siku moja au mbili, tumbo kujaa gesi, na kukosa choo siku mbili tatu baada ya utumbo mpana ni mambo ya kawaida. Kisicho cha kawaida ni maumivu makali ya tumbo au kifua yanayozidi badala ya kupungua, tumbo gumu kama ubao, homa, kupumua kwa shida, ngozi ya shingo inayobofyeka na kulia kama karatasi, kutapika damu, choo cheusi chenye kunata, au damu ya haja inayozidi vijiko viwili vitatu. Kwa hayo nenda hospitali usiku huo huo na karatasi yako ya kipimo mkononi. Kutoboka kwa utumbo ni nadra, takribani mtu 1 kati ya 1,000 kwenye utumbo mpana na chini ya hapo kwenye tumbo, lakini huhesabiwa kwa saa. Aliyekatwa kinyama anaweza kutokwa na damu hata siku ya 14. Asipange safari ya Turkana au Mandera katika wiki hizo 2, na kwa maumivu ameze paracetamoli badala ya diklofenaki au ibuprofeni.

Ripoti ya kamera hutoka siku hiyo hiyo. Majibu ya vipande huchukua wiki moja au mbili. Kabla ya kuondoka, andika jina la maabara, namba ya sampuli na tarehe ya kurudi, na hakikisha namba ya simu iliyo kwenye faili ni yako. Bahasha nyingi za majibu hazichukuliwi kwa sababu "sikupigiwa", na baadhi yake ndizo zilizostahili kuchukuliwa kwanza. Kama umepatikana na bakteria wa vidonda na kumaliza antibayotiki, rudi upimwe pumzi au choo baada ya wiki 4, ukiwa umeacha omeprazoli wiki 2. Kipimo cha damu kisikubaliwe kwa kazi hiyo, kwa maana huendelea kusema "yupo" muda mrefu baada ya bakteria kufa.

Wauguzi wa kitengo cha kamera ya tumbo,
Nairobi